Mzizi, Kidonge na Kadiri

Sofu ni kata mojawapo ya Mji wa Kibaha, jirani na Kisarawe, na msafiri apitaye Barabara ya Morogoro akielekea bara yamkini asiitambue, kwa kuwa haina mnara wala bandari ya kumshangaza mgeni; lakini mtu atakaye kufahamu jinsi dawa inavyopatikana, tangu mzizi uchimbwao porini hadi kidonge kilichofungwa katika karatasi ya kung'aa, hana haja ya kwenda mbali na hapo. Upande wa Kisarawe ipo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambamo waganga wa Kizaramo wamechimba mizizi na kubandua magome tangu zama za mababu. Kuelekea Dar es Salaam upo msitu mdogo wa Pande, ambao wanakemia wa Chuo Kikuu wameutafuta kwa sababu nitakazozieleza. Zegereni, ndani ya Kibaha yenyewe, kipo kiwanda cha Kairuki kitengenezacho dripu za wagonjwa. Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara hujaribu dawa na chanjo za malaria kwa watu waliokubali kwa hiari yao. Na Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo kidogo cha utafiti wa dawa za kienyeji.

Huku kwetu yakianza mazungumzo ya dawa, wasikilizaji hugawanyika mara moja mafungu mawili. Wako wasemao kwamba dawa ya mti haina madhara, maadamu imetoka kwa Mwenyezi Mungu wala haikupita kiwandani; na wako wasemao kwamba habari zote za mizizi na magome ni ushirikina mtupu, na kwamba aliyesoma haimpasi kuzisikiliza. Nami naona kwamba mafungu haya yanayoshindana yamepotea mahali pamoja, kwani yote mawili huuliza dawa imetoka wapi, ilhali swali lenye uzito ni la kadiri: kitu gani kinaingia mwilini, kiasi gani, kinafika wapi, na kinakaa muda gani. Gome la mti, sumu ya nyoka, ukungu uliozaa penisilini na unga uliopikwa maabarani, vyote hupimwa kwa mizani hiyo moja.

Tuanze na kwinini, ambayo wazee wetu waliijua kwa uchungu wake kabla ya kuijua kwa jina. Asili ya mti wake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na Wajerumani waliupanda Amani, katika Usambara Mashariki, walikoasisi mwaka 1902 chuo cha kuchungua mimea na kilimo. Ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza, na manowari za Kiingereza zikaufunga mlango wa bahari, wataalamu wa Amani wakatengeneza kwinini yao wenyewe kwa magome ya miti ile. Na jeshi la jemadari wao von Lettow-Vorbeck lilipofukuzwa kaskazini mwaka 1916, likachukua magome likayachemsha njiani, na askari wakanywa maji yale machungu kupita kiasi, wakayapachika jina la mzaha la pombe ya Lettow. Hebu tutafakari tofauti ya kidonge cha Amani na kikombe cha njiani. Kitu kiponyacho ni kimoja, kimetoka katika gome moja. Bali katika kidonge mtu anajua amemeza kiasi gani, na katika kikombe hajui, kwa kuwa mti na mti hutofautiana, gome la shina si sawa na gome la mzizi, na moto wa leo si moto wa jana. Kwinini ikipungua, vimelea husalia katika damu na homa hurudi. Ikizidi, masikio huvuma, macho hufifia, na moyo huweza kwenda mrama.

Kutoka kikombe kwenda kidonge kulihitaji hatua ambayo Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliichukua Paris mwaka 1820, walipolitenga lile jauhari liponyalo na takataka zote za gome, likasimama peke yake, jeupe, lenye kupimika. Hatua hiyo ndiyo mlango wa elimu yote ya dawa za kisasa, kwani kitu kikishatengwa huweza kuchunguzwa umbo lake. Na kikishajulikana umbo, mtu hupata tamaa ya kulirekebisha.

Lakini tusidhani kwamba kupima na kujaribu kulizaliwa Ulaya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, na ambaye jina lake halikosekani katika mazungumzo ya tibu huku pwani, aliweka katika kitabu chake cha Al-Qanun masharti ya kuijaribu dawa: iwe safi, isiyochanganyika na sifa ngeni, ijaribiwe katika maradhi mamoja yasiyochangamana na mengine, na tena katika maradhi yaliyo kinyume cha hayo, athari yake ionekane ikirudia mara zote au aghalabu, la sivyo ni jambo la sadfa, na mwisho ijaribiwe kwa mwanadamu, kwa sababu kilichotokea kwa simba au farasi si dalili ya kutosha ya kitakachotokea kwa insani. Mtafiti wa leo wa Bagamoyo akiyasoma masharti hayo atajiona yu nyumbani.

Na katika maduka hayo hayo ya dawa za Kiarabu, yanayouza habasoda, shubiri na mvuje, ipo sanamaki, jani ambalo mama zetu hulichemsha kwa mwenye kufunga choo, na ambalo vidonge vyake huuzwa pia katika maduka ya dawa za hospitali. Utendaji wake ni wa ajabu. Jauhari yake imefungamana na sukari, na kwa sababu hiyo hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kufanya lolote. Ikifika utumbo mpana, bakteria waishio humo huikata ile sukari, na hapo ndipo dawa huamka na kufanya kazi mahali panapohitajiwa. Wanakemia wa karne ya ishirini walipojifunza kutengeneza dawa ambazo si dawa mpaka zifike mahali pake, walikuwa wakiufuata ufundi ambao jani lilikuwa nao zamani.

Sasa nitasimulia habari isiyopendeza. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa malale uliwaua watu maelfu kwa maelfu kando ya Ziwa Viktoria, na mwaka 1906 tabibu mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, alikwenda visiwa vya Sese, nchini Uganda, akawadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa arseniki. Wengi walipata nafuu kwa muda. Kipimo kilipoongezwa kwa tamaa ya kuwaponya kabisa, baadhi yao wakapofuka, wasione tena. Huko Frankfurt, Paul Ehrlich na msaidizi wake Bertheim walionyesha mwaka 1907 kwamba umbo la atoksili halikuwa kama lilivyodhaniwa, na kwamba liliweza kubadilishwa kipande kwa kipande. Basi wakaanza kutengeneza ndugu zake mmoja baada ya mwingine, kila mchanganyiko ukijaribiwa kwa wanyama wagonjwa, hata Mjapani Sahachiro Hata akaona mwaka 1909 kwamba ule uliopewa namba 606 huua vijidudu vya kaswende. Mwaka uliofuata ukauzwa duniani kwa jina la Salvarsan. Kusudi la Ehrlich lilikuwa kupata kitu kinachomdhuru adui aliye mwilini zaidi ya kinavyoudhuru mwili wenyewe, na kusudi hilo ndilo msingi wa ubunifu wa dawa mpaka leo. Nami sioni vibaya kukumbusha kwamba sehemu ya ilimu ya arseniki ililipiwa kwa macho ya watu wa Sese, ambao vitabu vya historia ya tiba haviwataji kwa majina.

Je, kitu kitamdhuru vipi adui kikamwacha mwenye nyumba? Jibu lililo wazi zaidi wanalo kina mama wajawazito wa Kibaha, ambao kliniki huwapa vidonge vitatu vya SP wavimeze papo hapo mbele ya muuguzi. Kimelea cha malaria kinahitaji foliki ili kizaliane, na sisi pia tunaihitaji; lakini sisi huipata katika chakula, katika mchicha na kisamvu na maharage, ilhali kimelea hujitengenezea chenyewe, hatua kwa hatua, na kila hatua husimamiwa na kimeng'enya chake. Zamani, mwaka 1894, Mjerumani Emil Fischer alisema kwamba kimeng'enya na kitu kinachokifanyia kazi hulingana kama kufuli na ufunguo wake. Basi SP ni funguo mbili za uongo. Ya kwanza, salfadoksini, huingia katika kufuli ambalo mwili wa mwanadamu hauna kabisa, ikakwama humo. Ya pili, pirimethamini, hulenga kimeng'enya ambacho hata sisi tunacho, lakini umbo la kile cha kimelea limetofautiana kidogo na letu, na tofauti hiyo ndogo yatosha kuifanya dawa imng'ang'anie adui na kutugusa sisi kwa mbali tu. Pirimethamini haikuokotwa porini. Ilitoka Marekani, katika maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion, ambao badala ya kujaribu kila kitu kwa bahati nasibu walikaa wakauliza chembe hai inahitaji nini ili izaliane, kisha wakatengeneza vitu vinavyofanana na mahitaji hayo pasipo kuyatimiza. Na mwaka 1988 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa maoni yangu, hakuna jambo katika habari hii yote lililo zuri kuliko swali lao lile.

Klorokwini haikupatikana kwa busara ya namna hiyo. Hans Andersag wa kampuni ya Bayer aliitengeneza mwaka 1934, katika jitihada za kutafuta badala ya kwinini, na miaka mingi ilipita watu wakiitumia kabla haijafahamika inavyofanya kazi. Kimelea, kikiisha kuingia katika chembe nyekundu ya damu, hula himoglobini iliyomo, na katika kula huko hubaki makapi yenye chuma, ambayo ni sumu kwake. Hivyo huyagandisha yakawa fuwele zisizodhuru. Klorokwini huzuia kuganda huko, na kimelea kikafa kwa makapi yake chenyewe. Wasomaji wenye umri wangu hawajaisahau, hasa wale ambao iliwawasha mwili mzima wakajikuna usiku kucha. Hatimaye wakazuka vimelea ambao protini moja katika ukuta wa kifuko chao cha kusagia chakula ilikuwa imebadilika, ikawa yaitoa dawa nje kabla haijatenda. Usugu huo ukaenea, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha klorokwini na kuishika SP, nayo SP haikukaa miaka mingi, kwa kuwa kufuli zilibadilika maumbo na funguo zikakosa mahali pa kushika. Kwa mjamzito imebaki kama kinga. Kwa mgonjwa, tangu mwisho wa mwaka 2006, tunatumia dawa ya mseto.

Mseto unarudi porini tena. Mwaka 1967 serikali ya China iliwaamuru wanasayansi wake watafute dawa mpya ya malaria, na bibi Tu Youyou, katika kupekua vitabu vya kale, akakuta maneno ya tabibu Ge Hong wa karne ya nne, aliyeagiza mmea wa artemisia, ulio wa jamaa moja na pakanga yetu, ulowekwe katika maji na kukamuliwa, wala hakutaja kuuchemsha. Bibi huyo akatambua kwamba yamkini moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaitoa kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, akafaulu; naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ndani ya artemisinini mna atomu mbili za oksijeni zilizoshikana kwa kiungo dhaifu, na kiungo hicho hukatika kinapokutana na chuma kile kilichobaki katika mlo wa kimelea; kikikatika, huzaa vipande vikali vinavyoharibu kila kilicho karibu. Adui huiwasha dawa kwa chakula chake.

Lakini artemisinini kama ilivyotoka katika jani ina ila zake: haiyeyuki vizuri katika maji wala katika mafuta, na huondoka mwilini kwa saa chache tu. Basi wanakemia waliikata hapa wakaunga pale, wakapata artesuneti, inayofaa kudungwa mgonjwa mahututi, na artemeta, ambayo ndiyo iliyomo katika mseto pamoja na lumefantrini. Artemeta huua wengi upesi. Lumefantrini hukaa siku kadhaa ikiwamaliza waliosalia. Na kwa kuwa hazifanani katika kutenda, kimelea kilichoizoea moja aghalabu huangushwa na nyingine. Nesi akisema dawa imezwe baada ya kula, na afadhali chakula chenye mafuta au maziwa, hatoi nasaha ya adabu za mezani. Lumefantrini hainyonywi vizuri na utumbo mtupu, na aliyeimeza kwa maji matupu amemeza nusu dawa ingawa amehesabu vidonge vyote ishirini na vinne kwa siku tatu. Na wale wanaochemsha majani ya artemisia majumbani kwa imani kwamba wamepata dawa ile ile kwa bei nafuu, wamerudi katika kikombe cha Lettow: kipo kitu ndani, kiasi hakijulikani, na kiasi pungufu humfundisha kimelea ustahimilivu. Jambo hilo si la kudharau, maana katika Mkoa wa Kagera wamekwisha kuonekana vimelea wenye mabadiliko ya asili yanayoipunguzia artemisinini nguvu.

Kibaha kwenyewe kipo kiwanda kingine, ambacho hakitengenezi dawa ya kunywa, lakini kwa mwalimu wa somo hili ni hazina. Kilijengwa na Shirika la Taifa la Maendeleo kwa utaalamu wa Wakuba wa Labiofam, kikazinduliwa mwaka 2015 na Rais Kikwete, na humo hukuzwa bakteria wa kuulia viluwiluwi vya mbu. Bakteria mmoja kati yao aligunduliwa katika dimbwi la jangwa la Negev mwaka 1976. Hutengeneza fuwele ya protini ambayo yenyewe haina madhara yoyote. Kiluwiluwi akiimeza, utumbo wake, wenye hali ya magadi, huiyeyusha, vimeng'enya vyake huikata, na vipande hushikamana na vipokezi vilivyo katika ukuta wa utumbo, kisha huutoboa. Tumbo la mwanadamu lina asidi badala ya magadi, wala vipokezi hivyo hatuna. Samaki hali kadhalika, na nyuki. Sumu moja ikawa mauti kwa huyu na kwa yule si kitu: shabaha aliyoitafuta Ehrlich kwa miaka na kwa mamia ya michanganyiko, kijidudu cha dimbwini kilikuwa kimekwisha kuipata.

Baada ya hayo msomaji wa Sofu ana haki ya kuuliza: na miti yetu je? Imechunguzwa, tena kwa bidii. Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi na wenzao wa ng'ambo, waliichukua mimea itumiwayo na waganga dhidi ya homa, wakaijaribu maabarani juu ya vimelea sugu vya malaria. Na mwaka 1991 wakachapisha, katika jarida la Planta Medica, habari za mimea ya jinsi ya Uvaria, ambayo ni ya ukoo wa mtopetope na mstafeli na huota katika misitu ya pwani. Msitu wa Pande umeupa mmojawapo jina, Uvaria pandensis. Magome yalitoa vitu kama uvaretini na diuvaretini, vilivyoua vimelea katika chupa kwa kiasi cha mikrogramu tatu au nne kwa mililita. Waganga, kwa hiyo, hawakuwa wakikisia ovyo.

Hata hivyo, hakuna kidonge cha uvaretini katika zahanati yoyote, na msomaji asione kwamba ni hila za mabeberu. Artemisinini huua vimelea hao hao kwa kiasi kidogo mno kuliko hicho, na kuua katika chupa ndiyo sehemu nyepesi ya safari; mamia ya vitu vinaweza, na chumvi ikizidi inaweza. Vingi huziua chembe za mwanadamu pamoja na kimelea, vingine huvunjwa na ini kabla havijafika katika damu, vingine havipatikani mpaka msitu mzima ukatwe. Lile ua la rangi ya waridi lenye asili ya Bukini, lioteshwalo kama pambo mbele ya nyumba nyingi za pwani, limewapa matabibu vinkristini ya kutibu saratani ya damu kwa watoto. Lakini kiasi kilichomo katika jani ni kidogo hata majani ya tani nzima hutoa gramu chache tu. Kwa sababu hizo mmea ulio dawa ya kweli mikononi mwa mganga huweza kushindwa kuwa kidonge, na kushindwa huko hakumfanyi mganga mwongo wala mwanakemia mwizi. Mara nyingi faida yake ni umbo: gome humwonyesha mwanakemia umbo ambalo hangelibuni kwa akili yake, naye akalirekebisha, kama klorokwini ilivyotokana na kuiwania kwinini.

Ila umbo haliwezi kusomwa katika mti ambao haupo. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa mkaa kwa miaka mingi, na mimea yake kadhaa haioti penginepo duniani. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake la kuwasajili waganga. Lakini kumsajili mganga si kuandika alijualo. Mtafiti aendaye Kisarawe kuokota mzizi sharti achukue pia tawi lenye ua au tunda, alikaushe na kuliweka katika hazina ya mimea ya Chuo Kikuu, kwa kuwa miti mitatu huweza kuitwa kwa jina moja la kienyeji, na mzizi mtupu hauwezi kumshuhudia mwenzake. Katika kijikaratasi kinachobandikwa pamoja na tawi hilo huandikwa mahali, tarehe, na jina la mwokotaji. Mimi ningependa paongezwe mstari mmoja, mganga akiridhia, wa jina lake yeye aliyeuonyesha mti, na kiasi alichosema kwamba humpa mgonjwa.